Mzee wa Kuomba Moto

Aliyepita njia ya Gongoni katikati ya miaka ya themanini hakosi kumkumbuka. Alisimama katikati ya barabara ya vumbi, kanzu ameikunja mpaka magotini, na shingoni amejitundika waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, kama mtu aliyevaa shali kwenye joto lile. Mkono mmoja aliunyoosha mbele. Hakupunga wala hakupiga kelele. Magari yalisimama kwa sababu hayakuwa na njia nyingine, ama yasimame ama yamkanyage.

"Asalaam alaykum," alikuwa akimwambia mwenye gari, akiwa ameshafika dirishani. "Nina mgonjwa na sina moto. Nipe moto wako kidogo, hautapungua."

Moto, kwa watu wa magari, ndio umeme wa betri. Zahanati yetu ilikuwa ya misheni, vyumba vitatu na kisima cha maji ya chumvichumvi, mbele kidogo ya mashamba ya chumvi. Mimi nilikuwa muuguzi pale, na yeye alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Jina alikuwa nalo kama watu wote, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Wakubwa na wadogo walimwita Dereva. Mimi nilimwita Mzee, naye akaniita Sista, na siku akiwa amefurahi, mwanangu.

Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, kuukuu, na betri yake ilikuwa imekufa kabla mimi sijaajiriwa. Nasema imekufa, lakini yeye alinikataza neno hilo. "Haijafa. Imechoka. Aliyekufa hachajiki." Na kweli ilikuwa ikichajiwa. Aliifunga kwa kamba juu ya basi la Malindi, akaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko, akairudisha kesho yake, na kwa siku chache gari likawaka kama gari la watu. Halafu asubuhi moja ungemsikia anazungusha ufunguo na stata inajibu tik, tik, na yeye ndani ya gari anasema kwa sauti ya upole kabisa, "Haya. Tumerudi kwetu."

Kila mkubwa wa misheni aliyekuja kututembelea alionyeshwa betri ile. Dereva alifungua boneti kama mtu anayefunua jeraha. Wageni walitikisa vichwa, wakasema suala hilo linafikiriwa. Alipoulizwa na watu wa kijijini wamesema nini, alijibu, "Wanafikiri. Wana akili sana wale, kwa hiyo wanafikiri sana."

Mahali pengine gari lisilo na moto huegeshwa mlimani. Asubuhi unaachia breki, linateremka, unaliingiza gia, linawaka. Kwetu hapakuwa na mlima. Ardhi ya huko imelala kama mkeka, na ndiyo maana chumvi inavunwa pale, maji ya bahari yakishaingizwa hayana pa kukimbilia, yanakauka tu. Kusukuma nako kulikuwa mateso, maana magurudumu yalizama mchangani na wagonjwa wetu hawakuja na jamaa wa kutosha. Nakumbuka siku moja tulisukuma mpaka nikakaa chini kwa kizunguzungu, na yeye akaja akasimama juu yangu akitweta. "Mungu amewapa Wataita milima yote ile," alisema, "na mabonde juu yake. Angetupa sisi kilima kimoja tu, Sista. Hata cha kimo cha mbuzi."

Mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Ukambani, na Kiswahili changu kilimuumiza masikio. Nikisema "hii gari", aliniacha nimalize, kisha akaniambia taratibu, "Gari hili. Hili, hilo, lile. Usilionee, halina moto, lisikose na lugha." Yeye alikuwa mtu wa Malindi, aliyekulia mjini, na salamu zake zilikuwa ndefu. Hata tukiwa na mgonjwa anayetapika kitini, hakumwomba mtu moto kabla hajamuuliza habari ya safari, ya afya, na ya waliobaki nyumbani. Nilipomlalamikia, alinishangaa kweli. "Kwani nimsimamishe mtu njiani nimwombe kitu, na sijamjulia hali?"

Na huyu huyu, aliyesimamisha magari kutwa, hakuomba kingine chochote kwa mtu. Hakunywa maji kwenye nyumba tulizokwenda kuchukua wagonjwa. Akikaribishwa chakula alisema ameshiba, na mimi nimekaa naye tangu alfajiri najua hajaweka kitu kinywani. Siku moja mwenye duka wa Ngomeni alimpa mkungu wa ndizi kwa kumfikisha mkewe hospitalini. Aliupokea, akashukuru, akaugawa kwa wagonjwa waliokuwa kwenye benchi letu, mmoja mmoja, hata ganda hakurudi nalo. Nikamuuliza mbona moto anaomba. "Moto si wangu," alisema. "Naliombea gari."

Alikuwa Mwislamu ndani ya zahanati ya Wakristo, na hakuna aliyetukumbusha sala ya Jumapili kama yeye. Aliligombeza gari kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha jioni akalifuta kwa kitambaa chenye maji, taa moja baada ya nyingine. Na alikuwa mwoga wa damu. Hilo lilinichukua muda kuligundua. Dereva wa wagonjwa kwa miaka yote ile, na hakuwahi hata mara moja kugeuza shingo kutazama nyuma. Kioo cha ndani alikuwa amekigeuza kikatazama dari. Gari likienda, aliuliza tu kwa sauti, macho barabarani:

"Bado yuko?"

Nami nyuma, juu ya benchi la mbao karibu na mgonjwa, najibu, "Bado yuko, Mzee."

Tunafika Mambrui, anauliza tena. Tunaliona daraja la Sabaki, anauliza tena. Wapo niliowapoteza njiani, na aliposikia kimya changu hakuuliza mara ya pili. Alipunguza mwendo. Sikujua kwa nini alipunguza, mpaka siku moja akaniambia mwenyewe kwamba haifai kumrusharusha maiti.

Kitu kimoja hakukifanyia mzaha, nacho ni zile waya. Alizinunua mwenyewe zamani, akiwa dereva wa malori, na hakumwachia mtu azifunge. Gari jingine lilisogezwa uso kwa uso na letu bila kugusana. Kama ni lori, alimkumbusha dereva wake kwamba lori lina betri mbili, na yeye anaomba kwa moja tu, akipewa zote mbili ataunguzwa. Kisha alibana nyekundu kwetu, nyekundu kwao, nyeusi kwao. Ncha ya mwisho, nyeusi ya upande wetu, hakuibana kwenye betri kamwe. Alitoa kisu mfukoni, akakwangua chuma cha injini mahali palipo mbali na betri mpaka pakang'aa, akaibana hapo.

"Betri inapumua," alinieleza. "Pumzi yake huioni, lakini inawaka. Na hii ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Basi cheche iruke huku, na pumzi ibaki kule."

Madereva vijana walimcheka, wakamwambia wao hubana popote na hawajafa. Aliwafukuza wote wasogee nyuma, akaendelea kukwangua. Na ilibidi akwangue kila mara, maana hewa ya kule ina chumvi na chumvi ilikuwa ikilila gari letu kidogo kidogo. Alipong'arisha wiki hii, wiki ijayo palikuwa pamerudi kutu.

Siku moja mama mmoja aliletwa alasiri. Alikuwa bado binti mdogo, uzazi wake wa kwanza, kutoka mashamba ya nyuma ya Gongoni. Majirani walimbeba juu ya kitanda cha kamba. Mumewe, kibarua wa chumvi, alitembea upande mmoja, na mavyaa yake, mama wa huyo mume, upande wa pili akimpepea kwa ncha ya leso. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi. Nilipomfunua nikaona mkono wa mtoto umetangulia, mtoto amekaa kingamo, na nikajua hakuna la kufanya kwetu. Alitakiwa kupasuliwa, na mpasuaji alikuwa Malindi.

Tulimlaza ndani ya gari. Dereva akazungusha ufunguo. Tik. Alichukua waya akazitundika shingoni, akatoka mbio kwenda barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikimbia.

Lori lililosimama lilikuwa limesheheni magunia ya chumvi, linaelekea kusini. Dereva wake, kijana wa bara kama mimi, aliliingiza uani, akateremka, akachungulia ndani ya gari letu, akamwona yule mama.

"Mzee," alisema, "ya nini kuhangaika na waya? Mimi naenda huko huko. Mpandisheni kwangu tuondoke."

Mbele kwenye lori palikuwa na kiti cha watu wawili, na mgonjwa hangeweza kuketi. Pengine pote palikuwa juu ya magunia, kwenye jua, kamba tu za kushikilia. Nikamtazama Dereva.

"Mgonjwa wangu hapandi juu ya magunia kama shehena," alisema. "Nipe moto, mwanangu. Tutakupita njiani."

Yule kijana alinitazama mimi, mimi nikatazama kamba zile na tumbo la yule mama, nikaona Mzee amesema kweli. Lori likasogezwa.

Alibana nyekundu, akabana nyeusi ya lori. Akatoa kisu, akakwangua mara mbili tatu, akabana ncha ya mwisho, akaenda kupiga stata. Tik. Akarudi, akaipapasa waya, akaibana upya. Tik. Ndani ya gari yule mama akapiga yowe. Mavyaa yake akaanza kuomba kwa Kigiriama, haraka haraka, na mume akazunguka gari akaja kusimama karibu na Dereva. Alisimama tu, mikono imening'inia.

"Kutu," Dereva alisema. "Subiri." Akatafuta kisu chake mfukoni. Kisu kilikuwa juu ya bampa alikokiweka, sote tulikiona, ila yeye hakukiona. Yule mama akapiga yowe lingine, na hili lilikatika katikati.

Ndipo nilipomwona anaing'oa ncha ile nyeusi, anainama juu ya betri, na kuibana pale pale alipowakataza watu miaka yote.

Mlio ulikuwa mkavu, kama ubao mpana umevunjwa kwa goti. Nilipofumbua macho nusu ya betri haikuwapo. Dereva alikuwa bado amesimama wima, viganja usoni, na kanzu yake imeanza kutoboka matobo mbele yangu, asidi inaila.

"Maji," alisema. Hakupiga kelele.

Nilimmiminia mtungi wa maji ya kunywa, na ulipokwisha nikaita maji ya kisimani, yale ya chumvi. Mume wa mgonjwa ndiye aliyeyateka, anakwenda na kurudi mbio na ndoo. "Yanauma, Sista." "Najua, Mzee. Fumbua." "Nimefumbua," alisema. Na ni kweli alikuwa amefumbua.

Basi wakapanda lori wote wawili. Tulitandika godoro la zahanati juu ya magunia, tukamlaza mama, na Dereva tukamlaza ubavuni mwake, kitambaa kilicholowa kimemfunika uso. Nilikaa katikati yao, mkono mmoja nashika tumbo la mama, mkono mwingine namimina maji kutoka kwenye galoni. Mume na mavyaa walishikilia kamba ili tusiteleze. Kijana yule aliendesha kwa uangalifu kadiri alivyoweza, lakini barabara ilikuwa mashimo na lori lilikuwa zito, na kila tulipotumbukia mama aliguna kwa sauti ambayo kila mara ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotangulia.

Tulipoipita Mambrui, Dereva alisema chini ya kitambaa, "Bado yuko?"

"Bado yuko, Mzee."

Nilimwona akitikisa kichwa kidogo. Akanyoosha mkono, akapapasa, akaupata mkono wa mavyaa badala ya wa mgonjwa, na yule bibi akauacha ushikwe. Tukaenda. Nilikuwa nimeweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mama natafuta mapigo, nayapata, nayapoteza, nayapata. Hatujalifikia daraja nikayapoteza, na nilipoyatafuta tena sikuyapata. Niliweka sikio kifuani mwake. Nilifungua jicho lake kwa kidole. Mavyaa alikuwa akinitazama usoni na hakuhitaji kuambiwa.

"Bado yuko?" Dereva aliuliza.

Magurudumu yalikuwa yameshaingia juu ya daraja. Nilimfumba mama macho kwa vidole.

Alingoja. Halafu akainua mkono, akapiga bati la mbele la lori kwa kiganja, mara kadhaa, mpaka kijana akasikia. "Punguza," alimwambia. "Punguza mwendo, mwanangu."

Malindi walimsafisha macho, kisha wakampeleka Mombasa, na huko wakaona hakuna la kuokoa. Nilikwenda kumwona siku nilizopata ruhusa. Alilala kitandani mikono imenyooka juu ya shuka, bandeji imemzunguka kichwa, na kitu cha kwanza alichoniuliza si habari ya macho yake.

"Tungempandisha lori tangu mwanzo," alisema, "angefika?"

"Sijui, Mzee."

"Wewe ndiye muuguzi. Usipojua wewe, nani atajua?"

"Labda angefika. Labda asingefika hata hivyo. Alikuwa amechelewa tangu nyumbani."

"Labda," alisema. Alilikariri neno hilo kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. "Sista, nilimkatalia kwa ajili yake au kwa ajili yangu?"

Hilo nalo nilimwambia sijui.

Mume wa yule mama alikuja kumpa pole. Alisafiri mpaka Mombasa kwa ajili hiyo, amevaa shati lililopigwa pasi, na aliketi kwenye kiti karibu na kitanda muda mrefu. Dereva alimtambua kwa sauti ya salamu, kisha hakusema tena, na yule bwana hakusema. Walikaa hivyo mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipogongwa. Alipoondoka, Dereva aligeukia ukutani, na mimi pia sikukaa.

Betri mpya ilikuja. Ililetwa na mmoja wa wale wakubwa, ndani ya sanduku lake, haijafunguliwa, mwezi uliofuata ajali. Dereva mpya alikuja pia, akakaa nasi kidogo, akapata kazi nzuri zaidi. Gari likawa linawaka na halina wa kuliendesha. Baadaye misheni ikafunga zahanati, na mimi nikahamia hospitali ya Kilifi. Wajawazito wa kule walirudi kubebwa juu ya vitanda vya kamba, sasa mpaka barabarani, wakangoje chochote kitakachopita.

Nilimwona mara moja tena, muongo ule ukielekea mwisho. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kilifi kupasua watu, nami nilipata habari kwamba Dereva anaishi Matsangoni kwa binti yake aliyeolewa huko. Nikapanda basi nikaenda. Nyumba ilikuwa kando ya barabara kuu, lakini yeye alikuwa amewekwa nyuma, kwenye kiti, mgongo ameipa barabara. Binti alinieleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka akae huko.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Aliinua uso. "Sista. Kiswahili chako sasa kinasikika."

Aliketi wima, kofia imekaa sawa, mikono juu ya magoti. Aliniuliza habari za safari, za kazi, za nyumbani Ukambani, za mama yangu. Alisimulia vichekesho vya mtaani, akacheka, nami nikacheka, na nilifika mahali pa kusahau nilichomjia. Jua lilihama kutoka miguuni kwake likampanda mpaka kifuani, na hakusogeza kiti wala hakubadili namna alivyoketi. Nilipomweleza habari ya madaktari alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao wanatengeneza macho ya watu wenye macho," alisema. "Wewe uliyaona yangu. Uliona kuna kitu?"

"Sikuona, Mzee."

"Ahsante. Kila mtu hunidanganya." Kisha akaanza kuniaga, kwa heshima lakini kwa haraka kidogo, akanituma salamu kwa watu ambao sikuwa nimewaona miaka. Nilimshika mkono. Ulikuwa na jasho baridi. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema joto tu, nende nisije nikakosa basi.

Binti yake alinisindikiza mpaka pembeni ya nyumba, akarudi. Viatu vyangu vilikuwa vimejaa mchanga, nikavivua kuvikung'uta, na kutoka hapo ukutani nikamsikia Dereva akiuliza kwa sauti ya chini.

"Ameshaenda?"

Binti aligeuza kichwa, akaniona. Tulitazamana.

"Ameshaenda, baba."

"Basi nipeleke. Upesi."

Alimwinua kwa kumkumbatia kifuani. Mzee yule aliyekaa wima mbele yangu mchana wote alikuwa amejikunja kama kitu kilichoachiwa, anaburuta miguu, na kanzu yake mbele ilikuwa imeshalowa mpaka chini.

"Jamani, baba. Si ungeniita?"

"Mbele ya mgeni?" alisema.

Uani palikuwa na kokoto za mawe ya pwani, na ningepiga hatua moja angenisikia. Nilisimama pale pale, peku, viatu mkononi, mpaka mlango wa choo ulipofungwa.